Kipa wa Akiba kwa Wageni Wawili

Biashara ya kubadilishana watu nilifundishwa na mzee mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akigombana na televisheni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtunzaji katika nyumba moja ya wazee huko Takoma Park, Marekani. Kazi yenyewe ilikuwa kuogesha, kuvisha, kulisha, na zaidi ya yote kusikiliza. Mzee huyo alikuwa amesambaza barua maisha yake yote. Miguu ilikuwa imemwishia lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa, na kila nilipoingia na sinia ya chakula alikuwa na kesi ya kunieleza kuhusu mpira wao, ule unaochezwa kwa mikono lakini wenyewe wanauita wa miguu. Nilishaacha kuuliza kwa nini.

Mwaka ule, miti ilipoanza kutoa majani, kesi ilikuwa moja tu. Timu fulani ilikuwa na warushaji wawili. Mrushaji ndiye anayepewa mpira kwanza na kuamua uende wapi. Timu nzima hucheza kwa akili yake, na uwanjani huwa mmoja tu. Wa pili hukaa benchi na kofia yake, akingojea mwenzake aumie. Sasa huyu wa pili alikuwa na mkono mzuri, watu wakimwona kuwa ndiye tumaini lao la kesho, na timu ilikuwa imemtoa kwa timu nyingine. Walichopata badala yake hakikuwa mtu. Walipata zamu: nafasi ya kuchagua mapema siku timu zote zinapogawana vijana wanaotoka vyuoni.

"Yaani wametoa mtu waliye naye, wakapewa watu ambao bado hawajafika?" nilimwuliza.

"Hasa," akasema, akinielekezea kijiko. "Mtu wa akiba akiwa mzuri, faida yake ni siku unayomtoa. Ukichelewa, anazeekea benchini na hakuna atakayemtaka."

Niliyaokota maneno hayo nikaenda nayo nyumbani. Laiti ningeyaacha palepale kwenye sinia pamoja na mabaki ya viazi.

Kwa maana na mimi nilikuwa na timu. Tulikuwa watu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, na kila Jumapili tulicheza mpira wa kweli, wa miguu, kwenye kiwanja kilicho karibu na mto kule Bladensburg. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga timu, kufua jezi na kuwapigia simu waliolala. Wapinzani wetu wakubwa walikuwa Wakenya wa bara waliokaa Springfield, wengi wao wauguzi, waliokuja moja kwa moja kutoka kanisani, wakavua tai ndani ya magari, wakatufunga, wakatupa pole. Ile pole yao ndiyo iliyokuwa ikiniuma.

Wachezaji tuliwapata uwanja wa ndege. Hili sharti nilieleze vizuri. Mgeni akitoka nyumbani, anayekwenda kumpokea ndiye mwenyeji wake. Humlaza kwake, humtafutia kazi, humfundisha njia za treni, na kama mgeni anajua mpira, basi huichezea timu ya mwenyeji wake. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Alama yake ilikuwa koti. Watu wetu hushuka kwenye ndege na shati la mikono mifupi hata iwe Januari, kwa hiyo mwenyeji huenda na koti mkononi, na anayemvalisha mgeni koti ndiye mwenye mgeni. Timu yetu ilikuwa na koti moja la kahawia, zito, lenye zipu iliyokataa kupanda kupita tumboni. Tuliliita koti la kupokelea. Mgeni alilivaa mpaka anunue lake, kisha akalirudisha likangoje mwingine.

Kipa wetu wa akiba nilimvalisha mimi mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyewahi kufanya kazi bandarini Mombasa, na siku hiyo meno yalikuwa yakigongana hata hawezi kujibu salamu. Tulipofika nyumbani simu ilikuwa inalia. Ni mamake.

"Mwanangu," akaniambia, ingawa hatukuwahi kuonana, "nimekukabidhi huyo. Huko aliko, wewe ndiye babake na wewe ndiye mamake."

"Inshallah, mama. Usiwe na wasiwasi."

Watu wa pwani wanajua uzito wa neno hilo. Kukabidhiwa mtu si kupewa mpangaji. Ni amana, na amana utaulizwa.

Alilala kwenye kochi letu la sebuleni. Asubuhi tulipoamka tulikuta blanketi limekunjwa, mto uko juu yake, na chai iko tayari. Mke wangu, ambaye wageni wengi waliwahi kumtoa machozi ya hasira, alimpenda kama ndugu yake wa tumbo moja. Nikikosea jambo alikuwa akiniambia, "Hebu mwige mgeni wangu," nami nikijifanya sikusikia.

Golini alikuwa kitu kingine kabisa. Yule mpole aliyekunja mablanketi alikuwa akiutokea mpira kwa kifua, akipiga kelele, akipanga mabeki mpaka wale waliomzidi umri. Lakini hayo tuliyaona mazoezini tu. Siku za mechi goli lilikuwa la mzee mmoja wa Unguja, dereva wa teksi, ambaye ndiye aliyeianzisha timu na kutuletea jezi za kwanza. Mpira ulikuwa ukipita katikati ya miguu yake, naye akigeuka taratibu, akiutazama wavuni, kisha akitugombeza: "Yakhe, mabeki gani nyie!" Na sisi tuliinamisha vichwa. Nani angemwambia akakae benchi? Kwetu mtu mzima hafukuzwi golini. Anangojwa achoke mwenyewe, na yule hakuwa na dalili ya kuchoka.

Basi mwenzake akikaa benchi kila Jumapili, amevaa koti la kahawia juu ya jezi, akishangilia. Hakulalamika hata mara moja. Mara moja tu, tukiwa garini, aliniambia, "Kaka, iko siku nitadaka mechi nzima, nimwambie mama." Nikamwambia iko, avute subira.

Nahodha wa Springfield alikuwa muuguzi, mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Baada ya mechi moja alinikuta nikipanga jezi kwenye buti ya gari.

"Buda," akasema, "huyo msee wenu wa bench, si mtupee tu? Anakaa hapo bure na sisi goalie wetu amehamia Texas."

Ningesema hapana, ingekuwa neno moja. Lakini kichwani nilikuwa na yule mzee na kijiko chake. Nikaegemea gari, nikakunja mikono, nikasema kwa Kiswahili changu chote cha heshima kwamba kumtoa haiwezekani bure.

"Unataka nini?"

"Wageni wawili."

Hakuelewa, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Wakenya wawili wa kwanza wanaojua mpira watakaokuwa wageni wa Springfield, hata wawe wa nani, nitapigiwa mimi simu. Nitakwenda uwanja wa ndege na koti letu, nitamvalisha kila mmoja, atakuwa wetu. Alipofahamu alicheka mpaka akashika magoti. "Kama zile draft picks za TV!" akasema. "Wewe ni mnoma, buda! Deal!" Tukapeana mikono. Watu wakatukusanyikia, wakasimuliana, na mzee wetu wa Unguja akasema kwamba sasa timu imepata kiongozi mwenye bongo.

Nilijisikia raha, na hii raha ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Kama ningekuwa na dhiki, kama kochi lingekuwa linanibana, au kama mtu huyo angekuwa na tabia mbaya, ningekuwa na cha kushika. Sikuwa na dhiki yoyote. Nilitaka kuwa kama wale mabwana wenye suti wanaotoa watu na kupokea watu wakiwa wamekaa kwenye viti vya ngozi, mimi ambaye tangu nifike nchi ile sikuwahi kumwamulia mtu jambo ila aanze kuoshwa mguu gani.

Kipa nilimweleza tulipokuwa tunarudi, yeye na mimi peke yetu garini. Nilianza na mazuri. Nikamwambia tumemtafutia nafasi, atadaka kila Jumapili, na nahodha wa Springfield ana chumba tupu na kazi ya kupanga vifurushi ambayo ni bora kuliko ile yake ya kuosha vyombo. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalikuwa mabaya, kwa sababu niliyatumia kufunika.

Tulivuka taa mbili tatu, ndipo akauliza.

"Na nyinyi mmepata nini, kaka?"

"Wageni wawili. Watakaokuja."

"Wawili!" Akacheka, akatazama nje. "Basi mimi si haba."

Nikacheka pia, nikashukuru kwamba ameichukulia vizuri. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, kama mkataba huo unaweza kuvunjwa. Nikamwambia tumeshapeana mikono mbele za watu. Akasema, "Basi."

Mke wangu ndiye hakuichukulia vizuri.

"Umemtoa mgeni wangu kwa watu ambao hata hawajapanda ndege?"

"Ni mpira tu, mke wangu. Anapata kudaka."

"Kama ni mpira tu, kwa nini anafunga begi?"

Nikamwambia wanawake hawajui mpira. Akaenda jikoni kumfungia mgeni wake mahamri.

Yule mzee wa televisheni nilimpelekea habari kwa fahari, nikijua atafurahi kupata mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha sauti ya televisheni, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata daktari akiingia.

"Wale wa kwenye televisheni wanalipwa mamilioni ili watendewe hivyo," akasema. "Wako ulimlipa nini?"

Nikamwambia kwetu mambo ni tofauti. Akapandisha sauti ya televisheni tena.

Mgeni wetu wa kwanza wa mkataba alifika majira ya joto, kwa hiyo koti tulimvalisha kwa ajili ya sheria tu, jasho likimtiririka. Tulikuwa tumeambiwa ni mshambuliaji hatari kutoka Nakuru. Alikaa kwangu wiki chache, akala vizuri, akacheza mechi moja, akapaisha penalti juu ya miti, kisha akapata habari za binamu yake aliyekuwa Boston na asubuhi moja tukakuta kochi tupu na blanketi liko chini. Mke wangu aliliokota akalitandaza mbele yangu nikiwa nakunywa chai.

Wiki hizohizo tulicheza na Springfield, na kipa wetu wa zamani akadaka mechi nzima. Alizuia mipira ambayo nilikuwa nimeshaanza kuishangilia. Kipenga cha mwisho kilipolia alikuja kwetu kwanza, akampa mkono kila mmoja, akambusu mkono mzee wa Unguja, akaniuliza hali za nyumbani. Nilimwuliza kama amemwambia mamake kwamba sasa anadaka. Akasema amemwambia. Halafu akaenda kusimama upande wa pili, mahali walipoweka maji yao, nami nikaona kwamba wenzake wanacheka jambo kwa Kikikuyu naye anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa harusini na asimjue bwana harusi wala bibi harusi.

Ningeweza kumfuata siku hiyo nikamwambia rudi nyumbani. Niliona, na nikaenda kukusanya jezi.

Ramadhani ikaingia Desemba, siku fupi na baridi kali. Kwetu Takoma Park jengo zima lilinukia sambusa kuanzia alasiri, milango haifungwi, na watoto wanapandisha na kushusha bakuli kwenye ngazi. Siku ya tatu au ya nne ya mfungo nahodha wa Springfield alinipigia simu. Baada ya maamkizi akaniambia, akidhani ananifurahisha, "Huyu msee wenu ni wa ukweli, buda. Anaamka kukula saa kumi asubuhi peke yake, na hawashi taa ati asituamshe. Anakulia gizani."

Nilitamani aishie hapo. Hakuishia.

"Sasa sikiza, yule mgeni wa pili anatua Ijumaa. Ni winga, na anajua mpira vibaya sana. Ni wenu. Deal ni deal."

"Ni wa nani?"

"Si ni brathe ya goalie! Brathe yake mdogo. Yeye ndiye amemtumia tiketi."

Nikasema hapana, huyo haiwezekani, mwache amchukue ndugu yake. Akaniambia amemwambia hivyohivyo, lakini mwenyewe kipa amesema nipigiwe mimi. Nilimpigia kipa. Hakuwepo. Nilipiga tena kesho yake, hakuwepo. Nikajiambia tutakutana uwanja wa ndege, tutacheka, yataisha. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na akajiambia jingine.

Alhamisi mama yao akapiga. Tangu mwanawe ahame hakuwa amewahi kupiga kwangu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwanangu, nasikia na huyu mdogo utampokea wewe."

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi. Kaka yake aliniambia alihama kwa sababu ya kazi, nami nikaogopa asije akawa amekukosea. Sasa nimetulia. Nakukabidhi na huyu."

Nilisema inshallah. Sauti haikutoka vizuri, akadhani ni laini ya simu, akarudia kwa nguvu, "Nasema nakukabidhi na huyu!" Nikasema tena inshallah. Kisha kadi yake ya simu ikaisha, nikabaki nimeushika mkono wa simu na mke wangu amesimama mlangoni.

"Mwambie ukweli," akasema.

"Nitamwambia nini? Kwamba nimembadilisha mwanawe kwa mwanawe?"

Ndiyo mara ya kwanza nilipolisema jambo hilo kwa mdomo wangu, na mke wangu akakaa chini.

Ijumaa nilifika uwanja wa ndege jua linazama. Nilikuwa na koti la kahawia mkononi, kwa mazoea, na mfuko wa tende. Kipa alikuwa amefika kabla yangu. Alisimama karibu na nguzo, mbali kidogo na kamba ambapo wapokeaji husimama, amevaa sare ya kazini. Kwapani alikuwa na koti jipya, la buluu, lebo bado inaning'inia kwenye mkono. Aliponiona, au tuseme alipoona koti nililobeba, alilikunja lile la buluu mara mbili na kulishika nyuma ya mgongo.

"Salaam aleikum, kaka."

"Waleikum salaam. Mbona umesimama huku? Njoo mbele, ndugu yako atakutafuta."

"Hapa panatosha."

Saa ya kufuturu ikafika. Nikampa tende, akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amelala nyumbani kwangu miezi, amekula sahani moja na mimi, na sasa akipokea tende kwangu kwa mikono miwili kama mgeni. Tukafungua. Nikatafuta pa kuanzia, nikakosa, nikaanza tu.

"Ndugu yangu, sikiliza. Mvalishe wewe. Mchukue uende naye Springfield. Yale mambo yetu ya Bladensburg yalikuwa mchezo, nimeyafuta."

Alitafuna akameza kwanza. Nilimjua kwa upole, na upole haukumtoka hata wakati huo.

"Hayawezi kufutwa, kaka. Mimi nilitolewa kwa wageni wawili. Wa kwanza alikwenda Boston. Huyu ukimwacha, mimi nitakuwa nimetolewa bure."

"Hukutolewa..." nikaanza.

"Nilitolewa," akasema. "Sina hasira. Huko nadaka kila wiki, na kazi ni nzuri, kama ulivyoniambia. Lakini nilipotoka kwako nilijiuliza mimi nina thamani gani, na sasa nimeiona. Ni mdogo wangu. Usiishushe."

Wasafiri wakaanza kutoka. Winga alikuja na begi moja na shati la mikono mifupi, mwembamba kuliko kaka yake, akitafuta kwa macho. Alipomwona aliliacha begi katikati ya njia ya watu akakimbia. Walikumbatiana muda mrefu. Mkono mmoja wa kipa ulikuwa mgongoni kwa mdogo wake na mwingine ulikuwa nyuma, bado umeshika lile koti. Kisha akajitenga naye taratibu, akamgeuza kwangu kwa mabega.

"Huyu ndiye mwenyeji wako," akamwambia. "Ndiye aliyenipokea na mimi. Mama amekukabidhi kwake."

"Na wewe unakaa wapi?"

"Karibu tu. Nina zamu sasa hivi. Tutaonana Jumapili uwanjani."

Akasimama akingoja, na mdogo wake akasimama akitetemeka, na mimi niko katikati yao na koti. Ningelitupa chini. Ningelikataa kabisa, nikaondoka, wakabaki wenyewe. Nimewaza mengi ya kufanya tangu siku hiyo, na mengine ni mazuri sana. Nililofanya ni kulifungua lile koti la kahawia nikamvalisha. Mikono ilikuwa mifupi kwake, na zipu ikagoma palepale inapogoma siku zote. Kipa akainama akajaribu kumpandishia, ikakataa, akamfunga skafu yake shingoni badala yake.

Nilimwomba walau twende sote nyumbani, mke wangu amepika, amemwekea sahani yake. Akasema nimsalimie sana. Nikasema nitampeleka kazini kwa gari. Akasema Springfield na Takoma Park ni pande mbili tofauti, na mgeni amechoka, nisimzungushe. Yote kwa adabu. Kisha akaniaga kwa kunishika mkono, akatoka kupitia milango ile ya vioo inayojifungua yenyewe.

Tulipokuwa tunatoka na gari tulimpita kwenye kituo cha basi linalokwenda kwenye treni. Upepo ulikuwa unavuma kweli, watu wote wamejikunyata ndani ya makoti yao. Yeye alikuwa na ile sare yake nyepesi ya kazini, na koti la buluu amelikumbatia kifuani, hakulivaa, lebo inapeperuka. Mdogo wake akampungia mkono kupitia dirishani. Hakutuona.

Tulipokwenda kidogo, mdogo wake akageuka nyuma akachungulia tena.

"Kaka," akaniuliza, "lile koti alilobeba ni la nani?"

Nilikuwa natazama barabara. Nikamwambia sijui.